Jina Nililoliruka

Sehemu ya saba

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye kochi la ngozi, ghorofa ya tisa, mkoba mapajani, nikisubiri kuitwa.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa kifupi. Mimi ni wakili. Kwa miaka minne nimefanya kazi kwenye ofisi ya watu watatu, juu ya duka la fundi viatu. Mshahara wa pale ni mdogo na unakuja vipande vipande, lakini ikifika saa kumi na moja jioni niko njiani kurudi nyumbani.

Na nyumbani yupo Chiriku.

Ni binti yangu, ana miaka minne. Baba yake alimpa jina hilo akiwa mchanga, kwa zile kelele zake, kabla hatujajua kwamba hasikii. Tulipojua, jina lilikuwa limeshamganda. Daktari alisema anahitaji mashine za kusikilizia, moja kila sikio, na azivae kabla hajatimiza miaka mitano. Mwalimu wa matamshi akaongeza la kwake: "Mashine zitamletea sauti tu. Maneno mtamletea ninyi. Kila jioni, saa nzima, mama akae naye uso kwa uso."

Sasa pima mwenyewe. Mashine zilitaka mshahara wa ofisi kubwa, na ile saa ya jioni ilitaka ofisi ndogo.

Nikaitwa.

Mwanamke aliyenipokea alikuwa mkuu wa kitengo cha kesi. Akigeuza mgongo wanamwita Mama Dakika, nami sikuchukua muda kujua sababu.

"Hapa saa moja tunaikata vipande kumi," alisema hata sijakaa vizuri. "Kila kipande unaandika umekitumia kwa mteja gani. Ukienda kunywa maji, kipande hicho hakina mteja. Hasara ni yako."

"Na watu huwa wanatoka saa ngapi?"

Akacheka, cheko fupi la mtu mwenye haraka. "Hapa hatuulizi mtu katoka saa ngapi. Tunauliza kaandika saa ngapi."

Akanitajia saa anazozitaka kwa mwaka. Nikazigawa kichwani mara mbili, mara tatu. Kila nilivyozigawa nilijikuta nafungua mlango wa nyumbani saa tatu usiku. Chiriku hulala saa mbili.

Kisha akanisukumia karatasi ya mshahara. Ulikuwa mara tatu ya ule wa kule kwetu. Nilikaza uso usinisaliti, lakini nadhani masikio yalinichezea.

"Na kwa kuwa umesema una dharura ya mtoto, tutakupa mishahara mitatu ya mwanzo kwa mkupuo. Ijumaa hii," akasema. "Ukiondoka au ukiondolewa kabla ya mwaka, unairudisha yote siku hiyo hiyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi bado fomu moja. Andika kila mteja uliyemhudumia kule ulikotoka ambaye kesi yake haijaisha. Hatuwezi kukaa pande mbili za kesi moja. Likitokea jina lenye mgongano na wateja wetu, hatukuajiri. Usinichukie, ndivyo kazi yetu ilivyo."

Akatoka kupokea simu.

Fomu ilikuwa na mistari ishirini. Nikaandika majina kumi na tisa bila kusita. Nilipofika mstari wa ishirini nikainua kichwa kunyoosha shingo, na kupitia ukuta wa kioo nikaona wahudumu wawili wa ofisi wakisukuma kitoroli cha maboksi. Kila boksi lilikuwa na mchoro wa mkasi mwekundu.

Kalamu ikasimama hewani.

Mkasi ule naujua. Ni alama ya kiwanda cha sare za shule kilichowafukuza washonaji kumi na mmoja asubuhi moja, bila kuwalipa haki zao. Wale kumi na mmoja walikuwa wateja wetu. Faili lao nilikuwa nalo mimi tangu siku ya kwanza.

"Mteja mpya?" nikamuuliza dada wa mapokezi aliyeniletea maji, nikijifanya naulizia hali ya hewa.

"Ndiyo. Wamemfukuza wakili wao wa zamani, wamehamia kwetu juzi. Mteja mkubwa huyo!"

Nimeahidi kuwaambia yote, basi sikieni na hili. Sikusahau. Mtu asije akanitetea kwamba nilikuwa na mawazo, sijui uchovu, sijui nini. Niliushika ule mstari wa ishirini kwa ncha ya kalamu, nikauangalia, nikauruka.

Nilijiambia hakuna atakayejua. Kule kwetu nilikuwa naandika mimi, anasaini bosi. Kesi yenyewe ilikuwa haijasikilizwa hata siku moja. Jina langu halikuwepo kwenye karatasi yoyote iliyofika mahakamani. Na Mama Dakika hakuwahi hata kuniuliza jina la ofisi yetu; kwake ofisi ndogo zote ni moja. Liwalo na liwe, nikasema, nikasaini chini.

*

"Umemwambia mzee wa ofisini kwenu?" mume wangu aliniuliza jioni ile. Ni fundi wa friji, na alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya friji la jirani.

"Kesho."

"Na saa ya Chiriku?"

"Ndiyo nilitaka tuongee, Baba Chiriku."

Akatoa kichwa. "Mama Chiriku, mimi natengeneza friji. Matamshi sijasomea."

"Hata mimi sijasomea."

"Wewe unalipwa kwa kuongea! Mimi nikikaa na mteja dakika tano nimeishiwa maneno."

Chiriku alikuwa amesimama katikati yetu, kiganja chake kimebandikwa ubavuni mwa friji. Alipenda kuyagusa yakiwa yanatetemeka. Baba yake akamtazama kwa muda.

"Leta hizo karatasi za mwalimu," akasema. "Nitajaribu. Lakini akianza kuongea kama fundi, usinilaumu."

*

Bosi wangu wa zamani tunamwita Mzee Pole. Mteja yeyote akiingia humpa pole kabla hajajua kilichomleta. Siku moja alimpa pole kijana aliyekuja kuleta maji ya kunywa, na yule kijana akakaa akaanza kueleza matatizo ya ndoa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Na mimi nilikuwa nakutafuta."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimwacha aanze yeye.

"Kiwanda kinataka tukae mezani kuhusu washonaji," akasema, na macho yalikuwa yanamng'aa. "Wamechoka. Sasa nimekata shauri. Sehemu yako kwenye ada ya kesi hii itatosha mashine moja ya mtoto. Nimeshamuuliza muuzaji. Ya pili tutaihangaikia mwakani. Na wewe jioni zako ziko palepale, sizigusi."

Sikio moja pamoja na jioni zangu zote, ama masikio mawili na mama anayerudi mtoto amelala. Lau ningeambiwa siku moja kabla, sijui ningechagua nini. Mpaka leo sijui.

"Mzee, nimeshasaini kwingine."

"Wapi?"

"Ghorofa ya tisa."

Nyuma yangu Dada Mihuri, karani wetu, alikuwa anagonga mihuri kwenye hati. Akaacha kugonga.

Mzee Pole akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. "Wana fomu yao wale," akasema taratibu. "Ya wateja. Uliijaza?"

"Niliijaza."

"Wote?"

"Wote, mzee."

Nilimdanganya huku namwangalia usoni, mtu aliyenifundisha kusimama mbele ya hakimu.

"Basi vizuri," akasema. "Wangekuwa na mgongano wangekuambia. Niachie daftari la washonaji. Shangazi na wenzake nitawaambia mwenyewe siku ya mazungumzo, wasije wakakata tamaa mapema."

Shangazi ndiye kiongozi wa wale washonaji. Kila mtu humwita hivyo, hata waliomzidi umri. Aliwahi kumkuta Chiriku pale ofisini, akatoa utepe wake wa kupimia, akamzungushia kichwani. "Siku akipata hizo mashine," aliniambia, "nitamshonea kitu zisimdondoke."

Siku ile ile aliniinamia sikioni akanipa siri: "Mwanangu, tunadai yote. Lakini tukipata nusu tutashukuru Mungu. Usimwambie mtu mpaka mwisho kabisa."

Nilimwachia Mzee Pole daftari. Siri niliondoka nayo kichwani, kwa kuwa siri hairudishwi mezani.

*

Ijumaa pesa ziliingia. Jumamosi mashine zikawekwa.

Nitawaambia jambo moja tu la siku ile. Tulirudi nyumbani, Chiriku akaenda kwenye friji kama kawaida yake, akaweka kiganja. Akashtuka. Akauondoa mkono, akasikiliza. Akaurudisha. Kisha akamgeukia baba yake kwa mshangao na hasira kidogo, kana kwamba miaka yote tulikuwa tunamficha kwamba kitu kile kinaimba.

Mume wangu akakaa chini sakafuni akalia. Nami nikalia. Nikasema moyoni, wacha niitwe mwizi wa mistari, imelipa.

Jumatatu nikaanza kazi.

Wiki ya kwanza nilirudi saa tatu. Ya pili, saa nne. Nilianza kuikata hata nyumba yangu vipande kumi: kipande cha kuoga, kipande cha kula nimesimama, kipande cha kumwangalia mtoto aliyelala, mashine zake zimekaa kwenye kisanduku chao juu ya kabati.

"Leo vipi?" nilimuuliza mume wangu usiku mmoja.

"Leo amesema neno."

Nikakamata kiti. "Neno gani?"

Akajikuna kidevu. "Usikasirike."

"Neno gani, Baba Chiriku?"

"Friji."

Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Kisha nikaingia bafuni, nikafungua maji yote, nikalia humo.

*

Jumatano ya wiki ya tatu Mama Dakika aliniita. Mezani kwake palikuwa na faili lenye mkasi mwekundu.

"Huyu aliyekuwa analishika amelazwa hospitali, mgongo," akasema. "Kesho saa nne asubuhi tunakutana na upande wa pili. Washonaji kumi na mmoja na wakili wao mmoja mzee. Utakaa na mimi."

"Mimi bado mgeni," nikasema. "Labda mwenzangu yeyote..."

"Wenzako wameshajaza vipande vyao. Kuna tatizo?"

Huu ndio ulikuwa mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Ningesema: mama, kuna jina nililiruka. Ningefukuzwa saa ile ile. Mishahara mitatu ingetakiwa siku hiyo hiyo, na pa kuitoa palikuwa mahali pamoja tu: mashine za Chiriku. Muuzaji alishatuambia, zikirudishwa kabla ya mwezi kwisha anapokea.

Nikaona kile kiganja kwenye friji.

"Hakuna tatizo," nikasema.

"Vizuri. Umetoka ofisi ndogo, unawajua watu wa namna hii. Watashuka mpaka wapi?"

"Siwezi kujua."

"Kadiria tu. Robo tatu?"

Nikanyamaza.

"Theluthi mbili?"

Nikajifanya napanga karatasi.

"Nusu?"

Sikutamka neno, naapa. Lakini macho yangu yalishuka yakaangalia meza. Mama Dakika amekaa na watu wanaoficha mambo kwa miaka ishirini. Akachukua kalamu, akaandika, akafunga faili.

"Nusu," akasema. "Asante. Mazungumzo haya andika vipande vitatu, mteja ni kiwanda."

Nikaviandika.

*

Alhamisi, saa nne kasoro dakika mbili. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu inayong'aa mpaka unajiona pua. Upande wetu tulikaa watatu: meneja wa kiwanda, Mama Dakika na mimi. Mbele ya Mama Dakika karatasi yenye ile nusu ilikuwa imelazwa kifudifudi.

Nilikuwa nimepanga nitafanya nini. Wakiingia nitainama kama natafuta kalamu. Mzee Pole ataniona, ataelewa, atanuna, atanyamaza. Atakuwa ameshawaambia washonaji kwamba nimeondoka. Atawazuia.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Pole hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Shangazi.

"Eeh!" akapaza sauti, mikono juu. "Mwanangu! Kumbe umetangulia! Na mimi njia nzima namuuliza mzee, wakili wetu yuko wapi, ananiambia tutaongea, tutaongea!"

Akaizunguka meza yote ile ndefu. Akavuta kiti kilichokuwa kando yangu, upande wetu, upande wa kiwanda, akakaa akashusha pumzi. Miaka yote alikaa kando yangu hivyo hivyo, na hakuona kwa nini leo akae kwingine.

Meneja wa kiwanda akamwangalia, akaniangalia mimi.

"Kabla sijasahau," Shangazi akasema, akifungua mkoba wake. Akatoa kitambaa laini cha manjano, akanitandazia juu ya faili la mkasi mwekundu. Kilikuwa kilemba kidogo cha mtoto, chenye mifuko miwili midogo, mmoja kila upande, na kila mfuko una kifungo chake. "Sijui kama mashine ameshapata, lakini nimeshona kabisa. Kipimo nilikuwa nacho."

Niliona vidole vyangu vimekishika. Sikumbuki kuviamuru.

"Samahani," sauti ya Mama Dakika ilikuwa ya chini mno. "Mnafahamiana?"

"Tusifahamiane vipi!" Shangazi akasema kwa majivuno. "Huyu ndiye wakili wetu. Ndiye aliyeandika kila kitu!"

Meneja wa kiwanda akasogeza kiti chake mbali nami.

Mzee Pole alikuwa bado amesimama mlangoni, amekumbatia daftari langu la zamani. Alinitazama, akalitazama faili, akakitazama kile kilemba cha manjano mkononi mwangu. Nikamwona akielewa. Ile fomu, lile jibu la "wote, mzee", kila kitu.

Alikuwa na haki ya kunimaliza. Na zaidi ya haki, alikuwa na faida. Akisema kweli, ofisi kubwa inatolewa kwenye kesi siku hiyo hiyo, kiwanda kinabaki bila wakili, na washonaji wake wanapata nguvu ambayo hawajawahi kuwa nayo. Wakili yeyote angeisema kweli ile mbio mbio.

Akavua miwani. Akaifuta kwa tai.

"Huyu mama amechanganya watu," akasema. "Umri, na wasiwasi wa leo. Binti huyu tunafahamiana mtaani tu. Hajawahi kuligusa faili letu."

Katika miaka minne sikuwahi kumsikia mzee yule akisema uongo, hata kwa mdai wa pango. Sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayeapishwa mara ya kwanza.

Shangazi akageuza shingo, akamtazama. "Mimi nimechanganya?" akauliza polepole. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake haukuwa na hasira bado, ulikuwa unaomba msaada. "Mwanangu. Waambie. Mimi nimechanganya?"

Mama Dakika alikuwa ameshaweka kalamu chini. Alikuwa ananiangalia macho, yale yale yaliyomjibu jana.

"Wakili," akasema. "Swali hilo ni lako. Mama huyu amechanganya watu, ndiyo au hapana?"

Kilemba kilikuwa mkononi mwangu, vifungo vyake viwili vimenikaa kiganjani. Nikainua uso, na safari hii nikahakikisha macho yangu hayashuki.

"Mama," nikasema, na wote watatu, Mama Dakika na Mzee Pole na Shangazi, wakawa wanasubiri nimalizie.